Naomba ushauri: mashine ya kuchambua pamba inakata nyuzi na kupasua mbegu

Wakuu, habari za kazi. Nina mashine ya kuchambua pamba ya misumeno, ile ambayo visahani vyenye meno vimepangwa kwenye shafti moja na kupita katikati ya mbavu za chuma. Kasi yake sina shida nayo. Shida ni pamba inayotoka: ukivuta kishungi kwa vidole unakuta nyuzi fupi nyingi na vifundo vidogo vidogo, na kwenye mbegu kuna zilizopasuka. Ganda la mbegu likishaingia kwenye nyuzi, kulitoa ni kazi kweli.

Meno nimeyakagua, machache yamepinda. Mbavu nazo zimelika pale misumeno inapopita, na nahisi mchawi yuko hapo, maana nafasi ikipanuka mbegu inavutwa pamoja na nyuzi. Je, mbavu zilizolika zinajazwa kwa kuchomelea na kusagwa upya, au ni kubadilisha tu? Fundi mmoja anasema nijaze. Mimi nina wasiwasi chuma kitapinda kwa moto.

Halafu unyevu. Najua pamba kavu mno hukatika kirahisi, na kiwango kinachopendekezwa wakati wa kuchambua ni kama asilimia 6 hadi 7. Mnaupimaje bila vifaa vya gharama?

Kuna anayenishauri nihamie mashine ya rola, ile inayovuta nyuzi kwa rola badala ya misumeno. Ni kweli rola haziumizi nyuzi ndefu, ila zinakwenda taratibu. Kwa pamba ya nyuzi za urefu wa kati, inalipa? Aliyewahi kutumia zote mbili anijibu tafadhali.