Shoki za mbele zinagonga chini: niongeze oili au vipande vya bomba?

Mtu_wa_Umoja: Wadau, habari za jioni. Nina pikipiki ya 150. Nikishika breki ya mbele pua yote inazama, na kwenye matuta ya huku Umoja shoki zinagonga chini hadi viwiko vinauma. Sili, zile raba za kuzuia oili, hazivuji. Fundi wa stejini anasema tutie vipande vya bomba la maji juu ya springi, halafu tujaze oili ya injini 20W-50. Nataka kuifanya mwenyewe hapa kwenye ploti, spana ninazo. Mimi ni kilo 92. Nianzie wapi?

SpanaMoja: Anza na rula, bado hujafika kwa spana. Funga kamba ya plastiki ya kubania nyaya kwenye bomba linalong'aa. Inua gurudumu la mbele, sukuma kamba hadi kwenye sili, shusha, kisha keti wima miguu juu huku mwenzako ameshika nyuma. Shuka polepole, inua tena, pima kamba imesogea kiasi gani. Shoki yenye mwendo wa sentimita 12, toka juu hadi chini kabisa, inafaa ishuke 3 hadi 4 hivi.

Boda_Jogoo: Hesabu za nini jamani? Yangu ina 20W-50 tangu zamani na mkate naleta nyumbani.

SpanaMoja: @Boda_Jogoo sikatai inatembea. Lakini ile namba ya W, ya uzito wa oili, kwa injini na kwa shoki si kipimo kimoja. Kwenye nyuzi joto 40, hiyo 20W-50 ni nzito mara nne au tano kuliko oili ya shoki ya 10W. Inazuia kushuka, sawa, ila inazuia pia kurudi. Pita matuta madogo yaliyofuatana: shoki haijarudi juu, tuta la pili limefika, la tatu unalikuta uko chini kabisa. Hapo ndipo mikono inaumia.

Mtu_wa_Umoja: Nimepima. Imeshuka 5, na mwendo wote ni 12.

SpanaMoja: Basi springi zimechoka au ni laini kwako. Vile vipande vya bomba haviongezi ugumu, vinainua tu pikipiki ili ubaki na nafasi zaidi ya kushuka. Ongeza sentimita moja, upime tena. Ukikuta springi ni fupi kuliko mpya, usihangaike na bomba, nunua springi.

Kinachozuia kugonga mwishoni ni hewa iliyo juu ya oili. Toa springi, pampu bomba la shoki kidogo hadi viputo vya hewa viishe, lisukume hadi chini kabisa, kisha pima kutoka mdomoni hadi kwenye oili. Anza na kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Bado inagonga? Ongeza oili pengo hilo lipungue milimita 10, pande zote mbili sawasawa. Ukijaza kama anavyosema fundi, hewa inakosa pa kubanwa na sili zinalipuka. Hilo nimeliona kwa wateja, tena mara nyingi baada ya mtu kujaza "kidogo tu".

DadaGia: Kaka, kabla ya kuchomoa miguu ya shoki legeza nati za kubana za juu, ndipo ulegeze kifuniko. Ukishatoa mguu nje hutakuwa na pa kuushikia. Kifuniko kina springi chini yake, kinaruka, kwa hiyo uso uwe pembeni na uvae miwani. Na pikipiki iegemee kitu imara chini ya injini. Stendi ya pembeni haitoshi.

Ukirudisha, kaza ekseli, shika breki ya mbele, bonyeza usukani chini mara kadhaa, ndipo ukaze nati za chini zinazobana ekseli. Ukiruka hatua hiyo miguu inakaa imepinda na shoki zinanata, halafu utalaumu oili.

Boda_Jogoo: Hiyo 10W inapatikana wapi?

DadaGia: Zunguka maduka ya spea za pikipiki Kirinyaga Road. Ukikosa, oili ya haidroliki ISO 32 iko karibu nayo sana.

Mtu_wa_Umoja: Shukrani. Jumamosi nafungua. Hii oili ya zamani nimwage wapi?

SpanaMoja: Si mtaroni. Itie kwenye mtungi, mpelekee fundi wako wa stejini aiweke na ile ya injini. Na ukiiona ina rangi ya maziwa, maji yameingia: badilisha sili hata kama hazivuji.