Mtu mmoja, majina mawili: nasaba ya wahamiaji wa Norwei huko North Dakota

Mwalimu mstaafu, Jinja
Ndugu zangu, mpwa wangu ameolewa North Dakota, na Desemba atawaleta wanawe kunisalimu. Nasaba ya upande wetu nitawasimulia mwenyewe. Ya upande wa baba yao wamenitumia picha mbili tu kwa simu. Moja ni ya kaburi lililoandikwa Haugen. Nyingine ni ukurasa wa sensa ya mwaka 1900, wenye mkulima wa jina hilohilo, mzaliwa wa Norwei mwaka 1859, aliyeingia Marekani mwaka 1882, na kwenye safu nyingine karani ameandika "Pa", herufi ambazo watoto wanashikilia kuwa maana yake ni "baba". Ila Biblia ya familia inamwita Hansen. Je, ni watu wawili, au maofisa wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji huko New York, ndio waliombadilishia jina, kama wasemavyo shemeji za mpwa wangu?

Mkutubi, Kampala
Shikamoo Mwalimu. Ellis Island haimo kabisa: kituo hicho kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, miaka kumi baada ya mzee huyo kufika, na hata wakati huo makarani walifuata orodha za abiria zilizoandikwa kwenye bandari walikotoka. Ama "Pa" (nimecheka, uniwie radhi), ni alama ya mgeni aliyekwisha kuwasilisha hati za kwanza za kuomba uraia. Asiyewasilisha aliandikiwa "Al", na aliyepata uraia "Na". Ishikilieni alama hiyo. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 za serikali kwa sharti la kuishi hapo na kulima miaka mitano, na mgeni hakuweza kuziomba kabla ya kutangaza nia ya kuwa raia. Ikiwa alipata shamba kwa njia hiyo, jalada lake limo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mjini Washington, na majalada ya wageni huwa na nakala za hati za uraia, pamoja na maelezo ya nyumba aliyojenga na ekari alizolima. Mkikuta katika hati hizo za uraia anamkana Mfalme wa Uswidi, msidhani mmekosea mtu, kwani Norwei na Uswidi zilikuwa na mfalme mmoja hadi mwaka 1905.

Mama Nakku, Masaka
Mwalimu, unaishi Busoga, nawe washangazwa na majina? Huku kwetu watoto wa baba mmoja na mama mmoja kila mmoja ana jina lake la ukoo, wala hatuwaiti watu baki. Kwa Wanorwei wa mashambani, Hansen ni mwana wa Hans, na Haugen ni shamba alikoishi. Akihamia shamba jingine, huenda akaitwa kwa jina la hilo jipya. Basi ulizeni shamba na parokia, kama sisi tunavyouliza butaka, yaani ardhi ya asili ya ukoo. Tatizo ni kwamba mashamba yaitwayo Haugen ni mengi mno, kwa hiyo anzeni na vitabu vya kanisa la Kilutheri alikosali huko Dakota, ambavyo mara nyingi vilitaja parokia ya kuzaliwa. Mkiipata, fungueni sensa ya Norwei ya mwaka 1865, inayosomwa bure mtandaoni: mtafuteni mtoto wa miaka sita hivi, chini ya baba aitwaye Hans.

Mwalimu mstaafu, Jinja
Nawashukuru sana. Mpwa wangu anasema kanisa la kijijini lilifungwa zamani, lakini vitabu vyake vilihamishiwa usharika wa jirani, naye atakwenda Jumamosi. Watoto wamekubali shingo upande kwamba "Pa" si baba.