Nyumba ya Mama, Kibokoni, Mombasa (kundi la familia la kutumiana ujumbe)

IJUMAA

Dada Rukia: Assalaam aleikum jamani. Jana usiku Mama alikuwa akizungumza na Omar, picha ikaganda tena. Akabaki ameshika simu akiita "Omar, Omar" mpaka nikamtoa mkononi. Hakula vizuri baada ya hapo. Athman, tafadhali, hii intaneti tuiangalie. Fundi ameshakuja mara mbili akafunga vile vidude vya kuongeza mawimbi, pesa zimekwenda na hali ni ile ile.

Kaka Omar: Waaleikum salaam dada. Hata mimi iliniuma. Huku Dubai simu za WhatsApp hazipiti, twatumia programu ya Botim, kwa hiyo nilidhani kosa ni la Botim. Au tuchukue kifurushi kikubwa zaidi? Nitatuma pesa leo.

Athman: Kaka, usitume kwanza. Nilipita baada ya swala ya Ijumaa nikapima chumba kwa chumba. Kando ya rauta, pale ukumbini chini, napata megabiti 38 kwa sekunde, na twalipia 40. Chumbani kwa Mama, juu, ni 1.9. Hata tukilipia 100, juu itafika 1.9 ile ile.

Kaka Omar: Sasa zapotelea wapi?

Athman: Ukutani. Pale mlango wa ngazi niliupima kwa futi: sentimita 52 za mawe ya matumbawe na chokaa. Waifai ina mawimbi ya aina mbili kwenye rauta yetu. Yale ya gigahetsi 5 yana kasi lakini ukuta kama ule hayauwezi. Yale ya 2.4 yapenya kidogo, lakini Kibokoni nyumba zimebanana na kila nyumba ina rauta yake. Kwenye 2.4 kuna njia tatu tu zisizoingiliana, ya 1, ya 6 na ya 11. Nilipofungua simu nilihesabu rauta 23 za majirani, zote zagombania njia hizo tatu.

Athman: Na vile vidude ndivyo vilivyozidisha. Kidude kile husikia kwa redio kisha hurudia kwa redio ile ile, hakiwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo kasi hukatika karibu nusu au zaidi kila kinapoongezwa kimoja. Vyetu ni viwili, kimoja chachukua kutoka kwa mwenzake. Fikiria kaka: kuna kebo ya intaneti iitwayo TEAMS iliyolazwa chini ya bahari mwaka 2009 kutoka Fujairah, hapo kwenu, mpaka Mombasa, karibu kilomita 5,000. Bahari yote yavukwa bila tabu, halafu uso wako wakwama kwenye mita 12 za ngazi.

Dada Rukia: Kwa hiyo dawa ni nini?

Athman: Waya. Waya wa kweli kutoka rauta mpaka juu, halafu juu tufunge kituo kimoja cha waifai darini, kiwe chahudumia ghorofa yote. Na tivii ya Mama nayo ipate waya wake, isitegemee hewa. Shida yangu ni njia. Ukuta wa mbele siutoboi. Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi, na hata kama lisingekuwa, mawe yale ukiyapiga dreli yamomonyoka na chokaa yote yafuata.

Mjomba Ali: Masalkheri wanangu. Athman, usitoboe kitu. Bomba lipo.

Athman: Shikamoo mjomba. Bomba gani?

Mjomba Ali: Nyuma ya kabati la vyombo, pale chini ya ngazi. Baba yenu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alilipitisha mwenyewe mwaka 1990 kwa ajili ya waya wa antena, kabla ya Kombe la Dunia la Italia. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi. Lapanda kando ya ukuta, lapita baina ya boriti mbili, latokea juu karibu na dirisha la uani. Alitaka tivii iwe juu ili wanawake nao wapate kukaa waone. Kameruni ilipoifunga Argentina 1-0, nyumba hii ilitikisika.

Dada Rukia: Subhanallah. Miaka yote nalifuta vumbi lile kabati, sijui kuna nini nyuma yake.

Athman: Mjomba, umetuokoa. Ule waya wa antena haufanyi kazi tangu analojia izimwe 2015. Nitaufunga waya mpya mkiani mwake, tuuvute wa zamani utoke, wa mpya uingie.

JUMAMOSI

Athman: Dada, nimenunua. Waya wa mtandao wa aina ya Cat6 mita 40 kwa shilingi 60 mita ni 2,400, kituo cha waifai 9,500, betri ndogo ya rauta 3,500, vichwa vya waya 300. Jumla 15,700. Risiti nitamtumia kaka.

Kaka Omar: Natuma sasa hivi. Waya mita ni 60? Hapo Digo Road niliona mtu auza 25.

Athman: Nao pia nilionyeshwa. Nikamwomba muuzaji wembe, nikakwangua uzi mmoja. Ndani unang'aa mweupe kama sufuria: ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Huu wetu ni shaba mpaka moyoni. Jambo hili ni kubwa kwetu kwa sababu kile kituo cha darini hakina soketi ya umeme karibu, umeme wake wapita ndani ya waya huu huu wa data, volti 48 hivi. Aluminiamu hupoteza umeme njiani na hupata moto. Sitaki waya wenye moto ukilala juu ya boriti za mikoko zilizokauka miaka mia.

Dada Rukia: Hapana, hata mimi sitaki.

Salma: Mjomba Athman amenifundisha kubana vichwa 😊 Mpangilio ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Cha kwanza nilikosea, kijani na buluu zilipishana, taa za kipimio hazikuwaka kwa mpangilio. Cha pili zimewaka zote nane kwa mpangilio.

Mjomba Ali: Mashallah, mjukuu wangu.

Athman: Tumevuta. Mjomba Ali alikaa juu akivuta, mimi chini nikisukuma, Salma katikati ya ngazi akisikiliza kama waya wakwaruza. Ulikwama mara moja, penye kona. Mjomba akasema mimina poda ya mtoto ndani ya bomba. Tukamimina, ukapita. Nyaya mbili: moja ya kituo, moja ya tivii. Vichwa vyote viko ndani ya nyumba, hakuna hata kimoja nje. Chumvi ya bahari hapa hula shaba mpaka ikawa kijani kabla mwaka haujaisha.

Dada Rukia: Nimepima kwa simu yangu chumbani kwa Mama: 37!! Ukumbi wa juu: 37. Kwenye roshani: 31.

Kaka Omar: Alhamdulillah. Na stima ikipotea?

Athman: Ndiyo kazi ya ile betri. Rauta na kile kisanduku cha faiba vyote vyatumia volti 12, ulaji wake ni kama wa taa mbili ndogo tu, betri itavibeba saa tatu nne. Kituo cha darini nacho nimekiwekea njia yake. Tivii haitawaka, lakini simu ya Mama itaita. Na vile vidude viwili nimeving'oa, visiwashwe tena hata kwa bahati mbaya.

Mjomba Ali: Na sisi majirani tutapata paswadi?

Athman: Mjomba, wewe si jirani, wewe utapata ya nyumbani. Lakini wageni nimewatengenezea mtandao wao peke yao. Wataingia intaneti, hawataona vilivyo ndani ya nyumba. Nasema hivi kwa sababu ya jambo ambalo Dada Rukia ameniambia leo. Dada, waambie.

Dada Rukia: Nilipohamisha kabati tupate bomba, nyuma yake kulikuwa na mfuko. Ndani kanda tano za video. Kanda mbili zimeandikwa kwa mkono wa Baba: "Arusi ya Rukia, 1994".

Kaka Omar: Dada!

Kaka Omar: Msiziguse. Msiziweke kwenye deki mpaka zikaguliwe.

Athman: Nimezikagua kwa tochi. Tatu safi. Mbili zina unga mweupe kwenye kingo za utepe, ni ukungu wa joto na unyevu. Hizo haziingii kwenye deki yoyote, ukungu utachafua kichwa cha deki kisha utahamia kwenye zile kanda safi. Nimezifunga kwenye mfuko mkavu, nitatafuta mtu wa kuzisafisha. Za arusi ni miongoni mwa zile safi.

JUMATATU

Salma: Deki ya Babu Ali inafanya kazi. Kanda ni za dakika 180, na kuzinakili kwenye kompyuta hakuna njia ya mkato, saa tatu ni saa tatu. Nimeikalia moja jana, moja leo baada ya shule. Sijaangalia sana, Mama, nimekungoja wewe na Bibi.

Athman: Faili nimeziweka kwenye diski, diski imechomekwa kwenye ile kompyuta ndogo ya zamani chini ya ngazi. Tivii yaiona yenyewe kwa mtandao wa nyumbani, huna haja ya intaneti hata kidogo. Nakala ya pili naipandisha kwako kaka, uiweke Dubai. Diski moja si hifadhi.

Athman: Halafu kaka, suala la Mama kukuona. Simu ni ndogo kwake. Ile tableti uliyoleta ina tundu la USB-C lakini haitoi picha kwenye tivii, si kila tundu la aina hiyo hutoa. Niliazima tableti ya ofisini, hiyo yatoa kwa waya wa HDMI, uso wako umejaa tivii yote. Ukinunua, uliza kwanza dukani, na ujaribu palepale kwa waya.

Kaka Omar: Nimeelewa. Naja nayo Idi.

Salma: Ujumbe wa sauti wa Bibi, naandika: "Mimi mato yangu yashapungua nuru. Omar namjua kwa sauti, uso nauona kama yuko nyuma ya pazia. Kama mwaweza kunikuzia, nikuzieni. Na hayo ya kubonyeza-bonyeza mimi siyawezi."

Athman: Mwambie Bibi hatabonyeza kitu. Kaka akipiga, tableti itapokea yenyewe, ni yeye peke yake niliyemruhusu.

JUMATANO

Dada Rukia: Mama ameketi. Salma amewasha kanda. Omar, piga sasa.

Kaka Omar: Nimepiga. Namwona. Tivii yenu naiona kwa mbali, nisogezeeni.

Dada Rukia: Baba ametokea. Yuko barazani, kofia nyeupe, ameshika dele, awamiminia watu kahawa. Anamfikia mwenye kamera, anamnyooshea kikombe, mkono wa kamera watoka kukipokea na picha yote yainama.

Mjomba Ali: Mwenye kamera ni mimi.

Dada Rukia: Mama hajasema neno. Amesogeza kiti mpaka karibu na kioo.

Salma: Bibi asema: "Rudisha nyuma, pale alipocheka."

Salma: Nimerudisha. Asema tena.

Kaka Omar: Msikate simu. Sauti ya vile vikombe inafika huku. Mwacheni atazame, mimi nipo, leo sina zamu.

Dada Rukia: Ni mara ya nne sasa. Mjomba, njoo huku juu, akuuliza yule aliyekaa kulia kwa Baba ni nani.

Mjomba Ali: Niko kwenye ngazi.