Kwa nini mtu wa pampu ya hewa ndiye huyohuyo wa umeme tuli?

Mdadisi:
Wakuu, salama? Nasoma habari za Otto von Guericke, meya wa Magdeburg kule Ujerumani. Farasi 16, wanane kila upande, wanashindwa kubandua bakuli mbili zilizofumbanishwa na kutolewa hewa kwa pampu yake. Sawa. Ila huyohuyo alikuwa na tufe la salfa, akilisugua kwa mkono linavuta manyoya. Hewa na umeme wapi na wapi? Au alikuwa mtu wa kudonoadonoa tu?

Fundi Maabara:
Hakuwa anadonoadonoa. Alikuwa na swali moja: kama huko juu kati ya nyota ni patupu, vitu vinavutanaje? Pampu ilikuwa ya kuonyesha kwamba ombwe, yaani mahali pasipo na hewa wala kitu, linawezekana. Tufe nalo lilikuwa dunia yake ndogo. Alimimina salfa iliyoyeyuka ndani ya chupa ya duara, ikaganda, akaivunja chupa, akatia ekseli ya chuma. Unyoya ulivutwa, ukagusa, ukafukuzwa, ukabaki unaelea na yeye anautembeza chumbani. Yote mawili yamo kwenye kitabu chake cha 1672. Umeme hakuutaja.

Halafu hao farasi, wanane wangetosha! Bakuli la pili ukilifunga ukutani, ukuta unavuta sawa na wanane wengine. Wa ziada walikuwa wa kunogesha onyesho, na simlaumu. Kwa kipenyo cha sentimita 50 na ombwe kamili, hewa inazibana kwa uzito wa karibu tani mbili.

Zebaki76:
Mkuu, umeeleza ya Guericke. Vyenyewe vinahusiana au havihusiani?

Fundi Maabara:
Vinahusiana, ila waliogundua ni wengine. Mwaka 1675 Jean Picard, Paris, alibeba barometa (mrija wa kioo wa kupimia kanieneo ya hewa, una zebaki na juu yake ombwe) usiku akaona mwanga juu ya zebaki kila ilipotikisika. Zebaki ilikuwa inasugua kioo, umeme tuli ukazuka. Miaka 30 hivi baadaye Francis Hauksbee, London, alitoa hewa kwenye tufe la kioo, akalizungusha kwa gurudumu huku kiganja kimeligusa. Likang'aa ndani, mtu akaweza kusoma herufi kubwa. Hewa ikirudishwa, mwanga unafifia.

Hewa ikiwa nyingi, elektroni (chembe ndogo sana yenye chaji ya umeme) inagonga molekuli za hewa kabla haijashika kasi. Ikipunguzwa, inapata nafasi ya kukimbia, na pigo lake linatoa mwanga. Ukiitoa karibu yote, hakuna cha kugongwa, giza tena. Taa za tyubu ni kazi hiyohiyo: mvuke wa zebaki, kanieneo ndogo.

Mdadisi:
Nimeelewa, shukrani. Mbona rula yangu leo hainyanyui hata kikaratasi? Mvua inanyesha tangu asubuhi.

Fundi Maabara:
Ndiyo hiyo mvua. Utando mwembamba wa maji juu ya rula unapitisha chaji, inatoroka hadi mkononi mwako. Ikaushe vizuri, na kitambaa pia, ushike ncha moja tu. Na ya Picard usijaribu, mvuke wa zebaki ni sumu.

Zebaki76:
Hata mimi jina ni la mtandaoni tu, sina hata tone 😂