Idoneita imekataliwa, naishi kwenye trullo

Shikamooni wakubwa, naombeni msaada. Nulaosta (kibali cha kumleta familia Italia) ya mke wangu imekwama sababu ya idoneita, cheti kwamba nyumba inafaa kuishi. Nimepanga trullo (nyumba ya mawe yenye paa la pia; zikiwa nyingi ni trulli) huku Valle d'Itria, kusini mwa Italia, rezidenza (usajili wa makazi) ninayo mwaka wa tatu, leo fundi wa ofisi kaja kapima kasema dirisha dogo halifai. Marka da bolo (stempu ya serikali) ya euro 16 imeshakwenda. Nani kapata idoneita ya trullo? Alipeleka karatasi gani?
(Mgeni wa Itria)

Pole mdogo wangu. Hiyo ni sheria ya 1975, dirisha liwe moja ya nane ya sakafu, dari mita 2.70, mita za mraba 14 kila mtu mpaka wanne. Mimi walinikatalia sababu ya choo, nikahama, nikaanza upya karatasi za kipato, CU, ISEE, kila kitu, mwanangu akaanza shule sijamuona. Na hizo trulli zilijengwa za kubomoa ndo maana madirisha madogo, UNESCO wakaziingiza 1993.
(Dada wa Taranto)

Dada, 1993 ni mji wa Matera. Alberobello, mji wa trulli, ni 1996! Na dirisha ni dogo kuzuia jua na baridi, kubomoa kulihusu kujenga bila chokaa. Kabaila wa Conversano, wa ukoo wa Acquaviva, karne ya 17 hakutaka kumlipa mfalme wa Napoli kodi ya kijiji kipya, akaamuru watu wapange mawe makavu matupu ili wakaguzi wakija paa lishushwe. Watu wameishi hivyo na watoto wao mpaka 1797 Ferdinando IV alipowatoa mikononi mwa makabaila, ndo ikajengwa nyumba ya kwanza yenye chokaa, Casa d'Amore, ipo mpaka leo.
(Mzee wa Bari)

Mzee umenigusa. Nikipita Rione Monti, mtaa wa Alberobello wenye trulli zaidi ya elfu moja, namuona bibi Bukoba mlangoni kwa msonge wake, nyasi zinashuka mpaka chini. Wenzetu hata kanisa la Sant'Antonio, 1927, wamelipa umbo la trullo. Sisi misonge tumeiacha inaoza, na uraia pacha hatupewi, nani atarudi kuijenga?
(Mhaya wa Lecce)

Si wanasema hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje?
(Dada wa Taranto)

Hadhi maalum sio uraia, tusidanganyane.
(Mzee wa Bari)

Wakubwa asanteni, lakini ofisi inafunguliwa Jumanne asubuhi tu. Niende na nini?
(Mgeni wa Itria)