Naombeni ushauri: nibobee uchapaji wa picha au grafiksi? Baba hataki nirudi kwenye mbao

Binti_wa_Pasua:
Shikamooni wakubwa. Wenzangu, habari za jioni.

Nasoma sanaa chuo kikuu, nimemaliza mwaka wa pili na sasa nipo likizo nyumbani Moshi. Tukifungua chuo kila mmoja awe ameshachagua eneo la kubobea. Moyo wangu uko kwenye uchapaji wa picha: unachonga ubao au lino (linoleamu, lile zulia gumu la sakafuni), unapaka wino kwa rola, unalaza karatasi, unakandamiza, unabandua. Siku niliyobandua chapa yangu ya kwanza sikutoka karakana mpaka mlinzi alipokuja kufunga.

Tatizo ni baba. Ni seremala, ametusomesha watoto wanne kwa vitanda na makabati. Nilipomweleza alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, nimekupeleka chuo utoke kwenye vumbi la mbao, wewe unarudi na patasi?" Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo linaloniumiza. Anataka nichukue grafiksi, kazi ya kompyuta.

Na mimi nina hofu zangu. Chuoni tuna presi moja, mashine ya kukandamiza karatasi, tunaipangia foleni. Nikimaliza, huku Moshi nitaipata wapi? Nikiwaonyesha watu kazi zangu wanauliza kama ni fotokopi. Halafu chumba cha asidi, tunakochovya mabati ya kuchapia, hakina feni, mara mbili nimetoka kifua kinabana. Nishaurini.

Kijenge_Juu:
Mdogo wangu, chukua grafiksi. Nimefanya kazi hiyo Arusha miaka tisa. Kampuni za utalii kila msimu zinataka nembo, vipeperushi, kurasa za mtandaoni. Harusi haziishi, kadi zinatakiwa. Kompyuta unaibeba begani, presi ya chuma huibebi. Nakuambia kwa nia njema kwa sababu kodi ya nyumba haisubiri mtu apate mnunuzi wa picha.

Wino_Mweusi:
Nimesoma hicho hicho unachotaka kusoma, na ninaishi Arusha, kwa hiyo naomba nieleze kwa kirefu.

Kwanza presi. Kwa chapa ya mbao au lino huihitaji. Wino unakaa kwenye sehemu zilizobaki juu baada ya kuchonga, kwa hiyo mgongo wa kijiko unatosha: unasugua nyuma ya karatasi taratibu, kwa duara ndogo ndogo, mpaka uone kivuli cha picha. Wajapani wamechapa mbao karne nyingi kwa kusugua na kifaa cha mkononi. Presi ni ya lazima pale wino unapokaa ndani ya mikwaruzo ya bati, kwa sababu karatasi iliyoloweshwa inabidi isukumwe iingie mle ndani kuufuata. Yangu alinitengenezea fundi wa kuchonga vyuma: rola mbili nzito, meza ya chuma katikati, juu naweka blanketi la sufu. Nilikaa miaka minne bila hiyo presi na kazi ilikuwa ikiendelea.

Pili, hilo la fotokopi. Nami liliniuma sana zamani. Siku hizi natembea na ubao wenyewe. Mtu akiushika, akaona wino umekauka kwenye makovu ya patasi, haulizi tena. Kisha namwonyesha chini ya picha nilipoandika kwa penseli 4/20, yaani ni ya nne kati ya ishirini, na sahihi yangu. Zikifika ishirini nauweka ubao pembeni, sichapi tena. Hiyo ni ahadi kwa mnunuzi. Usije ukaivunja hata siku moja, hata kama una njaa.

Na hapo ndipo faida yetu ilipo. Mchoraji wa rangi akiuza turubai moja, limekwenda. Sisi kazi ya wiki mbili inazaa ishirini, kila moja ni halisi, na bei mwalimu wa sekondari anaimudu. Mtalii naye anaikunja kwenye bomba la karatasi, anapanda nayo ndege.

Sikudanganyi kwamba nakula chapa peke yake. Nachapa tisheti kwa skrini, yaani wino unapitishwa kwenye kitambaa cha wavu, na huo nao ni uchapaji, utausomea humo humo. Wapagazi na waongozaji wa mlima wanaagiza, shule zinaagiza. Siku mbili kwa wiki nafundisha sanaa. Zinazobaki ni za ubao.

Wino wa offseti unauzwa kwa wenye viwanda vya uchapaji, unauliza kopo lililobaki. Safisha kwa mafuta ya kula kwanza, ndipo sabuni. Achana na petroli.

Mzee_wa_Upanga:
Marahaba binti. Miaka ya themanini nilikuwa nafanya kazi Dar es Salaam, na saa ya chakula nilikuwa napita Nyumba ya Sanaa, ile iliyoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt. Pale vijana walichora kwa sindano kwenye bati, wakachovya kwenye asidi, wakachapa. George Lilanga, ambaye leo kazi zake zinatafutwa Ulaya na Japani, aliingia pale kama mlinzi, kisha akajiunga na wasanii wa pale. Kuna na Robino Ntila, fundi mkubwa wa chapa za bati. Mwambie baba yako kwamba jambo hili limekuwepo nchini kabla hujazaliwa, na lililetewa heshima na watu wa kuchonga. Lilanga mwenyewe alikuwa Mmakonde, alianza na vinyago.

Mwalimu_Kemia:
Mimi nimekuja kwa ajili ya kifua chako. Kama asidi mnayotumia ni ya naitriki, ule moshi wa rangi ya kahawia ni gesi ya sumu, na madhara yake yanaweza kujitokeza saa kadhaa baada ya kuivuta. Usiingie tena chumba hicho mpaka hewa ipite. Andikeni barua darasa zima, mkuu wa idara aisome. Kwa bati la shaba ombeni feriki kloridi, haitoi moshi wa namna ile, ingawa inachafua nguo na mikono vibaya, vaeni glavu na miwani. Na siku zote asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji. Ukimimina maji kwenye asidi yatachemka na kukurukia usoni.

Unaweza pia kukwaruza bati moja kwa moja kwa sindano bila asidi yoyote. Mwanangu alifanya hivyo chuoni kwao. Chapa zinazotoka ni chache kwa sababu kingo za mikwaruzo zinalika haraka, lakini mapafu yanabaki salama.

Mama_Wawili:
Binti, mzee wako haichukii sanaa. Ameona vidole vilivyokatwa na migongo iliyopinda, anakuepusha. Usimbishie kwa maneno. Mwombe akuchagulie ubao.

Wino_Mweusi:
Mama amesema vema. Na ukichonga herufi kumbuka kuzigeuza, maana kila kitu kinatoka kama kwenye kioo. Namibia alikuwepo John Muafangejo, picha zake za lino zimejaa maandishi, na kila neno alilichonga kinyumenyume. Zitafute, utakaa nazo usiku kucha.

Binti_wa_Pasua:
Nimerudi baada ya siku tano. Asanteni wote. Mwalimu, barua tumeiandika kwenye kundi letu, tumesaini kumi na mmoja, itapelekwa chuo kikifunguliwa. Kijenge_Juu, nimekusikia pia kaka, nitachukua kozi mbili za grafiksi kama za ziada.

Nilimwomba baba kipande cha ubao, akanipa cha msindano. Nikachonga mlima ukiwa na wingu lake la asubuhi, na chini MOSHI kwa herufi za kugeuza. Nikachapa karakanani kwake kwa kijiko cha mama, mafundi wake wakiangalia. Baba alichukua ubao, hakuigusa karatasi kwanza. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa wingu, akasema, "Hapa umekwenda kinyume cha nyuzi, ndiyo maana pamemeguka." Kisha akauliza, "Ubao mmoja unatoa ngapi?" Nikamwambia naweza kutoa hata mia, lakini nitatoa ishirini tu. Akauliza kwa nini. Tukakaa hapo tukizungumza mpaka saa mbili usiku.

Hajasema ndiyo. Ila leo asubuhi nimekuta vipande vitatu vya mkangazi vimepigwa randa, vimeegemezwa kwenye mlango wa chumba changu.

Kaka Wino_Mweusi, mkangazi unafaa?

Wino_Mweusi:
Unafaa kwa maumbo makubwa. Nyuzi zake zinapishana, mistari myembamba itakatika, na vinyweleo vyake vitaonekana kwenye wino, jambo ambalo mimi nalipenda. Noa bobari, ile patasi yenye makali ya mviringo, kila baada ya nusu saa. Au mwombe mzee akunolee, hakuna mtu chuoni kwenu anayemzidi kwa hilo.