Ushauri: nataka digrii ya hisabati tupu, nyumbani wanataka niwe injinia

mwana_kasulu
Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi. Niko Kasulu huku Kigoma, nimemaliza fom siksi PCM (fizikia, kemia na hesabu), matokeo mazuri tu, Advansi Mathi nina A. Sasa dirisha la maombi ya vyuo liko wazi na nyumbani hatuelewani. Mimi nataka bachela ya hisabati yenyewe kama yenyewe, siyo ya ualimu wala uinjinia. Anayenisomesha ni baba mdogo, anafanya biashara ya mawese, anapakia kwenye treni anapeleka Tabora na mpaka Dar, na kaniambia wazi hawezi kutoa hela yake mtu akasome hesabu miaka mitatu halafu arudi kukaa nyumbani, anataka sivili injinia au basi ualimu wa sayansi maana ajira yake anaiona kwa macho. Namheshimu sana na sitaki kumvunja moyo ila hesabu naipenda kweli, nikipata swali gumu naweza kukesha nalo na sichoki. Je ni kweli ukisoma hisabati unaishia kufundisha tu? Na hesabu za chuo ni mwendelezo wa hizi za advansi au kuna kitu kingine? Naombeni msaada kwa waliopita huko.

Ipuli_TBR
Dogo chukua sivili. Barabara, madaraja, reli ya kisasa, kote wanataka mainjinia. Hesabu utazikuta humo humo ndani ya uinjinia, za kutosha kabisa. Msikilize baba mdogo, ndiye anayetoa jasho.

dada_isevya
Mdogo wangu, mimi nimesoma bachela ya hisabati, nyumbani ni Tabora mjini, na sasa kazi yangu ni ya data kwenye taasisi moja ya fedha, kwa hiyo nakujibu nikiwa nimepita humo.

Naanza na swali lako la pili maana ndilo watu wengi hawaambiwi na ndilo linalowatoa machozi mwaka wa kwanza. Hesabu za chuo SIYO mwendelezo wa advansi. Advansi unapewa swali unatafuta jibu, unajua fomula unaingiza namba unamaliza. Chuo hasa ukiingia riali analisisi (misingi ya limiti na kalkulasi) na abstrakti aljebra (kanuni za jumla zilizo nyuma ya kujumlisha na kuzidisha) unaambiwa thibitisha. Diferensiesheni unaijua vizuri sana lakini lekchara anakuuliza hiyo limiti yenyewe, ile thamani inayokaribiwa, ni kitu gani, na siyo kwamba anakusumbua bure, Newton na Leibniz walianza kuitumia kalkulasi, yaani hesabu hizo za diferensiesheni na wenzake, karne ya 17 na maelezo ya msingi wake hayakunyooka mpaka karne ya 19 kwa watu kama Cauchy na Weierstrass, sasa wewe unapewa kazi hiyo ndani ya semista moja. Nimeona watu wenye A za advansi wanakamata sapu (mtihani wa marudio) na wengine kudisko (kuondolewa chuo) kwa sababu walikuja na mbinu ya kukariri madesa na pasti pepa, na prufu, yaani huo uthibitisho, haikaririki, ukibadilishiwa swali kidogo umekwama.

Mfano mdogo tu. Toka darasani tunaambiwa hasi mara hasi ni chanya. Kwa nini? Chukua (-1) × (-1 + 1). Ndani ya mabano ni 0 kwa hiyo jibu lote ni 0. Sasa fungua mabano: (-1)(-1) + (-1)(1) = 0. Kile cha pili ni -1, basi cha kwanza lazima kiwe 1, hakina pa kukimbilia. Ukisoma hapo ukajisikia raha kwamba kumbe haikuwa amri ya mwalimu, kuna sababu, basi kozi hii ni yako. Ukisema sawa lakini inanisaidia nini, nenda kwenye uinjinia na utafurahi huko, wala siyo dhambi.

Kuhusu ajira sitakudanganya. Huwezi kukuta tangazo limeandikwa anatakiwa mwanahisabati. Utakuta anatakiwa mtakwimu, mchambuzi wa data, mtu wa mifumo, mtu wa bima, na wewe unatakiwa uwe umejiandaa kuingia hapo. Kwa hiyo ukichagua hisabati chagua na kozi za takwimu na probabiliti, na jifunze programu za kompyuta mapema, Python au R, usisubiri mwaka wa tatu. Waliofanya hivyo nawaona wako kazini, waliobaki na cheti cha hesabu peke yake wanahangaika, huo ndio ukweli. Kuna na njia ya aktuari, wale wanaopiga mahesabu ya bima na mifuko ya pensheni, UDSM wana digrii yake kabisa, ila mitihani ya kitaaluma ya huko inataka hela na uvumilivu.

Halafu kuna AIMS, taasisi ya Kiafrika ya sayansi za hisabati, ilianzia Cape Town 2003 na tawi la Rwanda liko Kigali. Wanatoa mastazi kwa ufadhili, ada na kula na kulala. Na Kigali kutoka hapo Kasulu ni karibu kuliko Dar!

ticha_urambo
Mimi ni mwalimu wa hesabu Urambo. Hilo neno "kuishia kufundisha" limeniuma kidogo ila naelewa unamaanisha nini. Huku shule za kata kuna watoto wanafika fom foo hawajawahi kuona mtu anafurahia hesabu mbele yao, na walimu wa somo hili bado hawatoshi. Jambo la kumwambia baba yako mdogo ni kwamba ukisoma hisabati tupu mlango wa ualimu haufungwi. Baadaye unaongeza postigradiweti diploma ya elimu, Chuo Kikuu Huria wanayo na kituo wanacho hapo Kigoma. Kwa hiyo lile analoliona yeye kama usalama lipo bado.

mzee_wa_mwanga
Mwanangu, usiende kwa baba yako mdogo ukamwambia naipenda hesabu. Yule ni mfanyabiashara, mpelekee karatasi. Andika ada ya kila chuo, andika kama umeomba mkopo wa bodi na bumu (hela ya kujikimu ya mkopo huo) litabeba kiasi gani, andika yeye atabaki na mzigo gani. Uinjinia ni miaka minne, hiyo ya hisabati ni mitatu, na mwaka mmoja wa kumsomesha mtu Dar ni madumu mengi ya mawese. Na umpate shangazi au mtu anayemsikiliza awepo mnapoongea.

mwana_kasulu
Asanteni sana wote, ticha nisamehe kwa lile neno. Dada wa Isevya nimejaribu prufu nyingine, kwamba kipeuo cha pili cha 3 hakiwezi kuandikwa kama sehemu. Nimesema tuseme ni p/q iliyorahisishwa mpaka mwisho, basi p² = 3q², kwa hiyo p² inagawanyika kwa 3, kwa hiyo p nayo inagawanyika kwa 3, naweka p = 3k, napata q² = 3k², basi q nayo inagawanyika kwa 3, wakati tulisema imerahisishwa. Imegoma, kwa hiyo haiwezi kuwa sehemu.

dada_isevya
Vizuri sana, ila kuna hatua umeruka. Rudia maneno yako yale yale ukiweka 4 badala ya 3. Kipeuo cha pili cha 4 ni 2, sasa prufu yako inavunjikia wapi?

mwana_kasulu
Nimeiona dada. p² kugawanyika kwa 4 haimaanishi p inagawanyika kwa 4, mfano p ni 2. Kwa 3 inabidi nionyeshe: kama p haigawanyiki kwa 3 basi ni 3k+1 au 3k+2, ukiipiga skwea zote mbili zinabakiza 1, kwa hiyo p² haiwezi kugawanyika kwa 3.

dada_isevya
Hapo sasa imekamilika. Jaribu kwa 6 ukipata nafasi, ile njia ya mabaki itakuchosha, tafuta fupi zaidi. Na maombi usiyaache mpaka siku ya mwisho, mtandao wa huko tunaujua.

mwana_kasulu
Sawa dada. Baba mdogo anarudi na treni Jumamosi, karatasi ya ada nimeshaanza kuiandika na shangazi kakubali kuja.